Kinanda na Shehena ya Mabalungi

Mtu mwenye akili timamu haendi kukaa kwenye foleni ya dawa kama haumwi. Kinanda alikwenda kila Jumatatu, na afya yake ilikuwa ya punda.

Alikwenda kusikiliza. Mgonjwa aliyesimama saa mbili mbele ya dirisha la dawa husema yote: nani kajenga, nani kaachwa, mtoto wa nani katuma nini kutoka ng'ambo. Wengine husoma magazeti. Kinanda alisoma foleni, na hakuwahi kuilipia. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, kalamu tatu mfukoni zisizo na wino hata moja, na faili kwapani lisilo na karatasi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa. Mjini aliitwa Kinanda kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti tamu.

Jumatatu hiyo, nyuma yake alisimama bwana mmoja mnene mwenye beji ya hoteli kubwa, akiongea na simu kana kwamba aliyeko upande wa pili yuko kisimani.

"Wastaafu, nimekwambia! Mkutano mkuu wa chama chao, Jumamosi! Watu mia nne! Wanataka juisi asubuhi mpaka jioni. Machungwa yamepanda, maembe yamekwisha, na bosi anasema niokoe pesa. Niokoe vipi? Niwape maji ya rangi?"

Kinanda aligeuka taratibu, kama mlango wa benki.

"Samahani, mkubwa. Sikukusudia kusikia, ila una sauti ya kiongozi."

Bwana mnene, ambaye alikuwa ofisa manunuzi wa hoteli na hakuwahi kuitwa kiongozi hata na watoto wake, alishusha simu.

"Unasemaje?"

"Mabalungi."

"Machungu yale?"

"Machungu kwa asiyejua kuyakamua. Mimi ni msambazaji. Nakuletea gari zima Jumamosi alfajiri, kwa nusu ya bei ya machungwa. Wazee wanapenda uchungu, mkubwa. Unawakumbusha kazi."

Ofisa manunuzi alicheka mpaka beji ikatikisika. Wakapeana mikono. "Nipe namba yako," akasema, na Kinanda akamtajia namba bila kumeza mate, tarakimu moja baada ya nyingine, kwa uthabiti wa mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Haikuwa namba yake. Hakujua ni ya nani. Lakini katika kazi yake mteja anayeweza kukupata ni hatari kuliko mbwa asiyefungwa, na Kinanda alikuwa mtu wa miiko.

Kilichobaki ni kitu kidogo tu: mabalungi yenyewe hakuwa nayo.

*

Kinanda aliishi uani kwa dada yake, fundi makochi, mwanamke wa maneno machache na nyundo nyepesi. Kila kitu alichokuwa nacho dada yule alikishona, alikipigilia au alikilipia mwenyewe, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa pikapu ya kijani iliyofifia, ambayo ndiyo ilipeleka makochi kwa wateja. Dereva alikuwa Kinanda. Hiyo ndiyo kazi pekee ya halali aliyowahi kuifanya, na aliifanya akilalamika.

"Jumatatu ijayo tunapeleka makochi ya ukumbi mzima," dada alimwambia jioni hiyo, misumari ikiwa imepangwa midomoni. "Nimeyashona miezi mitatu. Yasipofika Jumatatu, mwenye ukumbi anachukua ya kiwandani. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Hukusikia. Umeitikia tu. Pikapu ile ni miguu yangu. Ikipotea, ikiharibika, ikikamatwa, ikikopeshwa kwa rafiki yako yeyote mwenye mpango, mimi nimekwisha. Na wewe utalala nje."

"Dada, unaniwazia mabaya."

"Nakuwazia ulivyo."

*

Jumanne Kinanda akaenda soko la matunda kumwona Mama Jumla.

Mama Jumla alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, miwani shingoni kwa kamba ya kiatu, nyuma yake mlima wa mabalungi umepanda hadi kwenye paa la bati. Hakuwahi kuuza tunda moja moja. Watu walisema hata ndoa aliifunga kwa jumla: alimpata mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto watano, akachukua wote siku moja.

"Bei gani mzigo wote, mama?"

Mama Jumla akataja bei. Kinanda akashika moyo.

"Nipunguzie basi."

"Nikupunguzie nini, urefu?"

"Mama, mimi ni kama mwanao."

"Wanangu ninawauzia bei hiyohiyo, na hawashiki moyo."

Kinanda akaondoka akitabasamu, maana alikwisha kuona la kufanya. Mlima ule usingeshuka kwa kuombwa. Ungeshuka kwa kutishwa. Watu wa mji wakiogopa mabalungi kwa siku tatu, bei itaanguka, atanunua, Jumamosi atayapeleka hotelini yakamuliwe juisi ya wastaafu mia nne, na kutoweka na malipo. Alichohitaji ni uongo mmoja mzuri, wenye miguu ya kutembea peke yake.

Akarudi kwenye foleni ya dawa.

Mbele yake safari hii alisimama mwalimu mstaafu, mzee mrefu mwembamba, suruali imepigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukata mkate. Mkononi alishika boksi la vidonge vya kushusha mafuta kwenye damu. Kinanda akatazama boksi, akatazama mzee, akatikisa kichwa kwa huzuni nzito.

"Kuna nini, kijana?" Mwalimu akauliza.

"Hapana, mwalimu. Si vizuri kumtisha mtu mzima."

Hakuna maneno yanayomtisha mtu mzima kuliko hayo. Foleni nzima ikasogea nusu hatua.

"Sema."

"Wewe hunywi juisi ya balungi?"

"Kila asubuhi! Glasi mbili. Nina mbalungi uani."

Kinanda akafumba macho kama mtu anayepokea habari za msiba. Kisha akaanza.

"Mwalimu, ndani ya utumbo kuna mlinzi. Usicheke. Kazi yake ni kukagua kinachopita. Kidonge chako kikifika, mlinzi anakivunjavunja, anaruhusu kipande tu kiingie kwenye damu. Daktari anamjua mlinzi huyo, ndiyo maana kakupimia dawa pamoja na kile kinachovunjwa. Sasa unakunywa balungi. Balungi linamfunga mlinzi kamba mikono na miguu. Kidonge kinapita chote! Umemeza kimoja, mwili umepokea vitatu, vinne. Kesho hivyohivyo. Na kamba ile haifunguki kwa siku moja, kwa hiyo usiniambie utakunywa balungi asubuhi na kidonge jioni. Dawa inajaa kwenye damu, inaanza kula misuli. Kwanza mapaja…"

"Mapaja!" Mwalimu akadakia, na boksi likamponyoka. "Wiki tatu sasa mapaja yananiuma! Nilidhani ni ngazi!"

"Ngazi!" Kinanda akacheka kwa uchungu. "Ngazi inasingiziwa mengi, mwalimu."

Hapa msomaji anivumilie nimsimamishe kidogo, kwa ajili ya historia. Kinanda hakuwa amesoma popote habari hii. Hakuijua sayansi hata kwa kupishana nayo barabarani. Mlinzi, kamba, mapaja: vyote vilimtoka kichwani papo hapo, kama kuku anavyotaga bila kujua hesabu. Angekuwa na lengo la kuangusha bei ya mapapai, mlinzi angefungwa na papai. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba alikuwa anadanganya.

*

Uongo ule haukutembea, ulikimbia. Jumatano asubuhi muuza juisi wa stendi alifuta neno "balungi" kwenye ubao wake kwa kitambaa kibichi. Mchana mlinzi wa utumbo alikuwa amepata sare. Alhamisi alikuwa na mke. Kinyozi mmoja alimweleza Kinanda mwenyewe, wembe ukiwa shingoni, kwamba mtaa wa pili mtu alikula balungi akameza kidonge, akalala mnene akaamka mwembamba.

"Dunia ina mambo," Kinanda akasema, na kwa mara ya kwanza akatamani angekuwa analipwa kwa kila anayesimulia.

Ijumaa akamkuta Mama Jumla amekaa pale pale, ila sasa ameshika leso. Mlima wa mabalungi haukupungua hata ngazi moja, na chini yake nzi walikwisha kuanza kufanya vikao.

"Mwanangu," Mama Jumla akasema kwa sauti iliyovunjika mahali pazuri, "wamenimaliza. Sijui ni mwehu gani kazusha maneno haya."

"Binadamu wabaya, mama."

"Tangu juzi sijauza hata gunia."

"Nina roho ya huruma, ndiyo ubaya wangu. Nitakuondolea mzigo wote. Ila taslimu sina."

Mama Jumla akafuta jicho lililokuwa kavu. Kwa jicho la pili akatazama barabarani. "Ile pikapu ya kijani ni yako?"

Kinanda akageuka kuitazama. Akaona makochi ya ukumbi mzima, yamepangwa uani yakimtazama. Akaona misumari midomoni mwa dada yake. Kisha akaona hoteli, juisi mia nne asubuhi hadi jioni, bunda la noti, akaona pikapu nyingine, mpya, nyekundu, anayomletea dada kabla ya Jumatatu huku yeye akiegemea mlangoni na kusema, "Ile ya zamani ilikuwa inanitia aibu." Picha hii ya mwisho ilikuwa nzuri sana hivi kwamba zilizotangulia zikaondoka zenyewe.

"Ni yangu."

"Niachie pikapu, uchukue mabalungi. Mzigo kwa gari, tumemalizana. Kesho utalitumia kupeleka mzigo wako, saa sita mchana nalichukua. Nipe kadi yake niitazame."

Kadi ilikuwa kwenye kidroo cha gari. Mama Jumla akavaa miwani.

"Hili ni jina la mwanamke."

"Dada yangu. Mimi na yeye ni kitu kimoja."

"Naona," Mama Jumla akasema, na kadi akaitia kifuani, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kurudishiwa kitu. Wapagazi wakaanza kupakia. Yeye akajifunika uso kwa leso, na mabega yakamtikisika. Kinanda akadhani analia.

*

Jumamosi saa tano asubuhi, baada ya pikapu kuzimika njiani mara tatu kwa uzito wa mzigo, Kinanda aliirudisha kinyumenyume hadi mlango wa jiko la hoteli, magunia yamepanda juu ya kichwa cha gari. Akapiga honi mara mbili, honi ya mtu aliyefanikiwa.

Ofisa manunuzi akatoka mbio, beji ubavuni.

"Wewe! Nimekutafuta tangu Alhamisi! Namba uliyonipa anapokea fundi viatu! Mara ya nne nilipompigia akaniuliza kama nimeamua kuacha soli ileile au naweka mpya!"

"Mtandao unasumbua, mkubwa. Nishushe wapi?"

"Usishushe! Hayatakiwi! Chama kimeleta barua: juisi yoyote isipokuwa balungi. Mwenyekiti wao ameandika kwa mkono wake, amepigia mstari mara tatu. Nikaagiza machungwa kwa yule mama wa soko la matunda, Alhamisi hiyohiyo. Nikamweleza na sababu. Akacheka sana yule mama."

Kinanda alisimama na mkono juu ya gunia. Akahesabu siku kwa vidole vya mkono wa pili.

"Alhamisi," akasema.

"Alhamisi saa nne."

Na Ijumaa ndipo Mama Jumla alipolia kwenye leso.

Mwingine angekaa chini. Kinanda alikimbia. Alipita jikoni, akapita kwa wapishi, akasukuma mlango wa ukumbi, na kuwakuta wastaafu mia nne wakinywa machungwa. Jukwaani alisimama mwenyekiti wa chama, na suruali yake ilikuwa na mkunjo unaoweza kukata mkate.

"Huyu hapa!" Mwalimu akapaza sauti. "Wenzangu, huyu ndiye kijana aliyeniokoa! Nimeacha balungi tangu Jumanne, na leo nimepanda ngazi hii bila fimbo!"

Makofi. Kinanda akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wazee wangu, wazazi wangu, nisikilizeni. Nilidanganya."

Glasi zikashuka mezani.

"Hakuna mlinzi. Hakuna kamba. Nilitunga! Nilitunga pale foleni, nikiwa nimesimama, ili bei ishuke ninunue mimi. Mabalungi hayana neno. Nina gari zima hapo nje, mabivu, matamu, nawauzia nyinyi wenyewe. Mimi ni mwongo! Niulizeni mtaani kwangu!"

Alikuwa hajawahi kusema ukweli mwingi kiasi hicho kwa pumzi moja, na jasho lilimtoka kama mbeba zege. Wazee wakamtazama. Kisha mmoja wa mstari wa mbele akacheka kwa upole, wa pili akafuata, na ukumbi wote ukatikisika.

"Unyenyekevu huo!" bibi mmoja akasema. "Hataki sifa!"

"Mama, sitaki sifa, nataka mnunue!"

"Na mcheshi pia."

Mwalimu akamwekea mkono begani. "Kijana, kuwa mkweli si kosa. Mimi sikukuamini hivihivi; nilifundisha miaka thelathini na saba, simwamini mtu. Nilikwenda dirisha la dawa nikamuuliza mfamasia. Tumemwalika aje kutueleza. Karibu, binti."

Akainuka mfamasia wa hospitali, yule wa nyuma ya dirisha ambaye Kinanda alikuwa akiuona mkono wake tu kila Jumatatu.

"Wataalamu wana jina lao gumu," mfamasia akasema, "lakini mimi kuanzia leo nitamwita mlinzi wa utumbo, maana sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi. Ni kweli yote. Balungi linamfunga, na dawa inapita nyingi kuliko alivyopima daktari. Si vidonge vyote vya mafuta, wazee. Ni baadhi, kwa hiyo njooni niwaangalizie vyenu. Mtu asiache dawa. Aache balungi mpaka aulize. Na misuli ikiuma, au mkojo ukawa mweusi kama soda ya kola, usisubiri kesho, njoo hospitali; hapo figo zinaweza kuingia matatani."

Kisha akamgeukia Kinanda. "Umesomea wapi, kaka?"

Kinanda akafungua mdomo. "Ni kweli?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni kweli."

"Na mapaja?"

"Na mapaja."

Mtu aliyeishi kwa uongo miaka kumi na mitano ana haki ya kujua anapodanganya. Haki hiyo Kinanda alinyang'anywa hadharani, kwa makofi.

*

Nje, saa sita kasoro, pikapu ilikuwa inashushwa. Wapagazi wawili wa sokoni walikuwa wanapanga magunia ukutani, nje ya geti la hoteli. Mama Jumla alisimama kivulini bila leso. Kwenye usukani alikaa dada.

Kinanda akatembea hadi dirishani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kutolewa jino.

"Dada, nitakueleza."

"Usinieleze. Ukieleza nitakuamini, nami nina kazi." Hakuwa na misumari midomoni, jambo lililomfanya aogopeshe zaidi. "Jana mama huyu alisoma jina kwenye kadi, akaniulizia mtaani hadi akafika kwangu. Akaniambia mdogo wangu amemuuzia miguu yangu."

"Nimemeza vidonge vya mafuta miaka sita," Mama Jumla akasema. "Mfamasia aliniambia habari za balungi siku ya kwanza kabisa. Nauza, sinywi, na mwenye dawa simuuzii. Uliposambaza habari zako, nilijua fika hakuna mteja atakayerudi. Kisha ukaja wewe, na roho yako ya huruma."

"Kwa hiyo gari… umemrudishia?"

"Nusu," dada akasema. "Tumeandikishana. Asubuhi linabeba matunda yake, mchana makochi yangu. Tairi na mafuta juu yake. Jumatatu makochi ya ukumbi yanakwenda, na naendesha mwenyewe."

"Na mimi?"

Dada akawasha gari. "Wewe umeuza kisicho chako ukapata mabalungi. Hayo ni yako kabisa, hakuna anayekudai hata moja."

"Nitalala wapi?"

"Nilikwambia Jumatatu. Uliitikia."

Mama Jumla akapanda upande wa pili, akashusha kioo. "Vijana wazima wasio na dawa wanaweza kuyanywa, mwanangu. Uliza kwanza, ndipo uuze. Na ukishindwa kuyamaliza, usiniletee. Mimi nanunua kwa jumla tu." Pikapu ya kijani ikaondoka, ikikohoa kidogo kwenye kona kama kawaida yake.

Kinanda alibaki na ukuta wa magunia. Akanyoosha shati. Akapanga kalamu zake tatu. Mlinzi wa geti, kijana mpana mwenye filimbi, akamjia.

"Bosi, hapa hapakai mizigo."

"Kaka yangu," Kinanda akasema, na sauti tamu ikaanza kurudi, "una bahati wewe. Unajua hili ni tunda gani? Nakupa gunia zima kwa bei ya soda. Mpelekee mzee nyumbani."

Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili.

"Balungi? Mzee wangu anameza dawa ya mafuta! Wewe hujasikia? Lile linafunga watu kamba tumboni!"

"Nani kakudanganya?"

"Nidanganywe mimi? Kuna daktari bingwa anazunguka mjini, anapita kwenye foleni za dawa anawafundisha wagonjwa bure. Mwembamba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni." Alimtazama Kinanda kuanzia juu hadi chini, akatikisa kichwa kwa dharau. "Jifunze kwa wenzako. Wanasema yule bwana hajawahi kusema uongo maishani mwake."